Chanuo la Mwanafatuma

Mwanafatuma binti Abdulkadir ana vidole kumi kama mimi na wewe, lakini yeye huvizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia mashamba yao. "Hiki," atakuambia akiinua kidole cha shahada, "kimewamba vitanda vya nusu ya Msambweni." Kisha atakiinua cha kati akueleze habari za raketi, na kama wewe ni mgeni kutoka bara utadhani unatukanwa. Hutukanwi. Bado.

Kazi yake ni kuwamba raketi za tenisi. Hapa hapa Ukunda, kwenye baraza ya duka la dawa, baina ya bango la dawa ya minyoo na mzani wa kupimia uzito. Watu wengi hudhani raketi huzaliwa na nyuzi zake, kama kuku na manyoya. La. Nyuzi hukatika, na kwa joto hili na chumvi hii ya Diani hukatika upesi kuliko kandambili za mtumba. Zikikatika, mzungu hukaa kitako akalia. Hapo ndipo anapoletwa kwa Mwanafatuma.

Baba yake, Mzee Abdulkadir wa Mkunguni, alikuwa fundi wa vitanda vya kamba. Wanawe wa kiume waliiangalia kazi ile wakaona bodaboda ina upepo mzuri zaidi. Binti ndiye aliyebaki, akashika kamba upande wa pili wa fremu na kuvuta mpaka kiganja kikaota sugu. Kisha godoro la sponji likaingia nchini, watu wakalala juu ya sponji wakiumwa migongo na kujiita wa kisasa, na kazi ya vitanda ikafa.

Ilifufuka kwa muda pale hoteli moja ya Diani ilipotaka vitanda vya kamba kwenye ukumbi wa mapokezi, ili wageni wapige picha na utamaduni. Utamaduni wenyewe ulikuja na bodaboda ya kaka yake, umebeba marobota ya kamba, umevaa buibui na raba. Akiwa katikati ya kazi, kocha wa tenisi wa hoteli hiyo, bwana mmoja mpole aitwaye Randu, alisimama kumtazama. Alitazama sana. Halafu akaenda akarudi na raketi iliyokatika.

"Bi Mwanafatuma, na hii je, utaiweza?"

Akaigeuzageuza. "Hiki ni kitanda cha mtoto mchanga?"

"Ni raketi."

"Basi huyo mtoto atalala chini wiki hii. Wiki ijayo njoo uichukue."

Alikuwa na haki ya kujisifu, maana raketi kwa kweli ni kitanda kilichokosa miguu. Nyuzi za kwenda urefu ni mtande. Hizo hazimsumbui mtu: unapitisha tunduni, unavuta kwa mashine, unabana. (Mashine aliachiwa na Randu, ya kuzungusha kwa mkono, nzito kama dhambi.) Shughuli ni mshindio, zile nyuzi za kukata upana. Kila mmoja sharti upite juu ya uzi wa kwanza, chini ya wa pili, juu ya wa tatu, hivyo hivyo mpaka ng'ambo. Na unaoufuata ufanye kinyume chake kabisa. Kwenye kitanda unatumia kamba laini na una nafasi ya kuingiza mkono mzima. Kwenye raketi una nafasi ya kuingiza kucha, na uzi wenyewe ni wa plastiki, mgumu, wenye makali. Baada ya raketi chache ncha za vidole huwa zimekunwa kama zilizopita kwenye mbuzi ya nazi.

Ndipo alipofika Harrison.

Harrison alishuka kutoka bara na mashine ya umeme inayolia piip, kofia iliyogeuzwa nyuma, na kikorokoro cha plastiki chenye mdomo kama wa kasuku, kilichomjia kwa posta kutoka nchi za watu. Kazi ya kasuku yule ni kuchungulia baina ya nyuzi, kuudaka uzi kwa ncha na kuuvuta utokee upande wa pili.

"Mathe, vidole ni vya kula ugali," alimwambia Mwanafatuma siku ya kwanza. "Dunia imesonga. Jaribu hii."

Mwanafatuma akajaribu. Hakuwa mjinga wa kukataa kifaa kwa sababu tu kimeletwa na mtu mwenye kofia kinyume. Akapitisha safu mbili, akakirudisha.

"Kizuri. Lakini kinadaka uzi mmoja mmoja. Huyu kasuku wako anaokota mchele punje punje. Mimi nataka kupepeta ungo mzima."

"Hakuna kitu kama hicho duniani, mathe."

"Duniani labda. Mimi naongea habari za Kwale."

Akaanza majaribio. Alijaribu njiti ya mwavuli, ikachubua uzi. Alijaribu kulabu ya kufumia vitambaa, ikanasa. Alijaribu mpini wa kijiko cha chai, na mwenye duka la dawa akakitafuta kijiko kile mwezi mzima. Jawabu lilimjia asubuhi moja akijichana nywele mbele ya kioo: meno ya chanuo yanaingia yote kwa pamoja, yanainua yote kwa pamoja. Akaacha nywele nusu zimesimama, akajifunga mtandio, akaenda Mkongani kwa Ziro, anayechonga mipini ya majembe na machanuo.

Ziro alisikiliza maelezo mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Unataka chanuo lenye meno manane, marefu, na kila jino ncha yake imepinda kama kulabu. Hizo ni nywele za nani?"

"Za mzungu."

"Pole yake."

La kwanza lilikuwa la mti wa mbambakofi. Lilivunjika meno siku hiyo hiyo. La pili Ziro alilichonga kwa pembe ya ng'ombe, akalisugua mpaka likawa laini kama ulimi. Na hilo, mabibi na mabwana, lilifanya kazi. Ulilishusha juu ya mtande, kila jino likadaka uzi wake na kumwacha jirani yake. Ukiinua, nyuzi nusu zinapanda, nusu zinabaki chini, katikati unafunguka uchochoro. Unapitisha ncha ya mshindio moja kwa moja, kama anayesukuma fagio chini ya kitanda. Unavuta, unabana. Kisha unalihamisha chanuo uzi mmoja kando, ili wale waliolala waamke na walioamka walale. Unapitisha tena. Safu za mwisho tu, kule nyuzi zinakokaza mpaka hazikubali kuinuka, ndizo alizozimalizia kwa vidole.

Harrison alikuja kutazama. Alitazama safu tatu, akavua kofia, akaivaa vizuri.

"Hiyo unaiuza?"

"Kwako? Hata nywele zangu sikuruhusu uzichane nalo."

Sasa kuna jambo moja la desturi ambalo lazima niliseme, maana ndilo lililotaka kumzamisha. Mzee Abdulkadir, alipokuwa kwenye mshindio wa kitanda, hakuwa akisalimiwa. Na mtu yeyote yule. Alikuwa akihesabu kichwani: juu, chini, juu, chini. Ukifika unaketi, unanyamaza, mpaka kamba ifike ng'ambo na yeye mwenyewe aseme "Karibuni." Katika nchi yetu, ambako mtu anaweza kukuulizia hali ya mbuzi wako kabla hajakuambia kwamba nyumba yako inaungua, hiyo ilikuwa adhabu kubwa. Lakini watu waliiheshimu. Na Mwanafatuma aliirithi: barazani pale ulikuwa unaketi kama uko msikitini.

Chanuo lilipokuja, akaifuta kwa tangazo. "Jamani, mimi sihesabu tena. Chanuo linanihesabia. Nisalimieni mpaka mchoke." Basi baraza ikageuka soko. Shikamoo hapa, habari za nyumbani pale, mtoto kapona, alhamdulillahi, mvua mbona imegoma. Yeye anajibu huku anainua, anapitisha, anahamisha. Alikuwa na raha ya rubani anayeendesha huku akila karanga.

Mtu pekee asiye na raha alikuwa mwenye duka la dawa. Vipande vya nyuzi vilikuwa vikiwachoma wateja wake miguuni. Akamwambia kwa upole wote wa mtu anayemfukuza mwenzake: mwisho wa msimu, Bi Mwanafatuma, utafute pahali pengine.

Na pahali pengine palikuwepo. Pale hotelini, kando ya viwanja vya tenisi, kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango, dirisha na kufuli. Meneja wa michezo, Bwana Sanga, alikuwa akijiandaa kwa mashindano, na alitangaza kwamba fundi atakayewamba vizuri kwa wachezaji ndiye atakayepewa chumba. Walikuwa wawili tu: Harrison na piip yake, Mwanafatuma na pembe ya ng'ombe. Mwanafatuma alikitaka chumba kile kuliko alivyowahi kumtaka mume yeyote, na waume aliwahi kuwataka wawili.

Bahati ikamletea mchezaji mkubwa wa mashindano. Alikuwa Purity, mzaliwa wa Samburu ile ya barabara kuu, ya malori na mbuzi, aliyejifunza kupiga mpira kwenye ukuta wa ghala la nafaka, na sasa anachezea klabu moja ya Nairobi. Aliacha raketi mbili pale barazani. Ya kwanza ilikwenda kama maji. Ya pili ilifika chini, karibu na koo, pale fremu inapokutana na mpini, chanuo limedaka nyuzi zake vizuri kabisa, safu imepita, imevutwa, imebanwa. Sasa chanuo lihamishwe.

"Hodi hapa!"

Bibi Maimuna. Shangazi mkubwa wa baba yake, ametoka Ramisi, amevaa leso mpya, amekuja kununua dawa ya magoti.

Bibi Maimuna si mtu unayemsalimia kwa kidevu. Unasimama. Unaupokea mkono wake kwa mkono wako wa kulia, unaubusu. Na mkono wa kulia wa Mwanafatuma ulikuwa na chanuo. Akalichomoa, akaliweka mapajani, likateleza, akalidaka kwa mkono wa kushoto, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Mbona umekonda? Mume wa tatu yuko wapi?"

"Yuko njiani, bibi. Barabara mbovu."

"Wa kwanza alikuwa na meno mazuri. Ungemvumilia."

"Meno nilimwachia, bibi. Mengine yote yalikuwa ya kuvumilia."

Wakacheka. Zikaulizwa habari za Ramisi, za miwa, za jirani aliyemwoza binti yake kwa mtu mwenye magari mawili na akili nusu. Bibi akapelekwa dukani, akapewa dawa, akasindikizwa mpaka kwenye tuktuk. Mwanafatuma akarudi kitini, akainama, akalishusha chanuo pale pale lilipokuwa, juu ya nyuzi zile zile, akainua, akapitisha, akavuta, akabana. Angekuwa anahesabu kama baba yake, angejua. Lakini alikwisha kuacha kuhesabu.

Raketi ikaenda kwa mwenyewe.

Mechi ilikuwa asubuhi iliyofuata. Bwana Sanga amevaa tai yenye picha za mananasi. Harrison ameketi kwenye benchi, na Mwanafatuma kando yake, amepakata mkoba wake kama mama wa bwana harusi. Purity alikuwa akimtandika binti mmoja wa Mombasa bila huruma. Seti ya kwanza yake. Ya pili anaongoza. Mipira ilikuwa ikianguka na kupinda kama iliyolewa.

"Leo hiyo raketi ina kitu," Harrison alinong'ona.

"Ina mimi," alisema Mwanafatuma.

Purity akaja upande wao kunywa maji. Alipoinua chupa, aliiinua raketi pia kwa mkono wa pili, ikasimama mbele ya jua, nyuzi zote zikachorwa angani kama dirisha la kimia. Na Mwanafatuma akaona. Karibu na koo, safu mbili zilikuwa zikienda pamoja: juu kwa juu, chini kwa chini, zimelaliana kama mapacha. Na mahali zilipolaliana pamebaki pengo, limefumbua macho, linamtazama yeye.

Hakuna aliyeona. Purity hakuona. Randu hakuona, na Randu huona nzi akivuka mstari. Chumba kilikuwa kimekwisha kuwa chake. Alichotakiwa ni kuketi na kunyamaza kwa muda wa kumalizika kinywaji cha Bwana Sanga.

Sasa msije mkanianza na habari za uadilifu. Mwanafatuma namjua, aliwahi kumuuzia Mjerumani fenesi kwa jina la stafeli. Kilichomwinua kitini asubuhi ile kilikuwa kiburi kitupu. Hakuweza kuvumilia kwamba kuna kitu duniani, mchana kweupe, mbele za watu, kimewambwa hivyo kwa mkono wake.

Akaingia uwanjani na raba zake na buibui lake.

"Dada Purity, samahani. Nipe hiyo raketi."

"Eh? Kwani imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Nimefanya mimi. Safu mbili zimekwenda njia moja, tazama hapa chini. Nimeikosea. Tumia ile nyingine."

Purity akatazama, akaona, akainua mabega. "Bi mkubwa, mbona inapiga tu. Inanishindia!"

"Inakushindia imevaa kanzu kinyume. Nipe nikaivishe."

"Mwanafatuma!" Sauti ya Bwana Sanga ilitoka kwenye mwavuli. "Toka uwanjani, wageni wanatazama!"

"Ndiyo maana nimeingia, Bwana Sanga."

Mwamuzi akashuka kwenye kiti chake kirefu, akasema mechi haiwezi kusimama kwa sababu ya mama. Purity akacheka. Akamtazama Mwanafatuma usoni kidogo, akaona yule mama hatoki bila raketi, akampa. Akaichukua ya kwanza. Na Mwanafatuma, pale pale kando ya wavu, akatoa mkasi kwenye mkoba na kukata nyuzi zote katikati: paa! Watu wa Ulaya wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya burudani.

Purity akashindwa. Si kwa sababu ya raketi. Ile ya kwanza ilikuwa safi kama yai. Alishindwa kwa sababu mkono ulikwisha kupoa, na kwa sababu binti wa Mombasa alikuwa amepata muda wa kula ndizi na kufikiri.

Bwana Sanga alikuja na mananasi yake yakitetemeka. "Umemtoa mshindi wangu kwa mkono wako mwenyewe."

"Nimetoa raketi mbovu. Mchezo niliuacha."

"Ilikuwaje, hata ukakosea?"

"Nilisalimiwa na bibi yangu."

Bwana Sanga ni mtu wa Kinango. Alielewa mara moja, hata akataka kuuliza bibi hajambo. Lakini alikuwa na tai shingoni. "Chumba ni cha Harrison," alisema.

Harrison alimsindikiza mpaka lango. "Mathe, si ungenyamaza tu? Hata mimi sikuwa nimeona."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Mpira. Kama watu wote wenye akili timamu."

"Basi hongera. Chumba kina dirisha zuri. Usiweke mashine juani."

Akaenda zake, shingo imenyooka, na nadhani hiyo shingo ilimgharimu kuliko maneno yote aliyosema.

Aliyetangulia kufika barazani siku ya pili alikuwa Purity, na raketi nne.

"Umenipotezea mechi," alisema, "kwa hiyo unitengenezee hizi zote."

"Nikukosee tena?"

"Ukinikosea utaniambia. Huko Nairobi nina fundi ambaye ananikosea na kunisifu. Huyo simtaki."

Nyuma yake akaja yule binti wa Mombasa. Nyuma yake mzee mmoja wa Kiswisi, aliyesikia kwamba kuna mwanamke anayekata raketi zake mwenyewe mbele za watu akiziona zina kasoro, akataka aione yake kama ina kasoro. Ilikuwa nayo. Wageni wakawa wanatoka hotelini kwa tuktuk na raketi mabegani kama mishale, wanakuja kujaa kwenye baraza ya duka la dawa, wanangoja, wanapima uzito, wananunua plasta, mafuta ya jua na dawa za tumbo. Mwenye duka alisahau habari zote za mwisho wa msimu, akaleta benchi.

Hotelini, ndani ya chumba, Harrison alicheza na simu mpaka ikaisha chaji.

Siku hazikuwa nyingi kabla Bwana Sanga hajafika barazani mwenyewe, bila tai. Alikuwa na ufunguo.

"Bi Mwanafatuma. Wageni wananiuliza kwa nini fundi wa hoteli yuko kwenye duka la dawa."

"Waambie fundi wa hoteli ni Harrison."

"Harrison ndiye aliyenituma."

Hapo akaweka raketi chini. Akauchukua ufunguo, akapanda tuktuk na Bwana Sanga akiwa nusu nje, wakaenda kukiangalia chumba. Akafungua mlango, akasimama. Ndani, kuanzia sakafuni hadi darini, kulikuwa na maboya ya watoto wa bwawa la kuogelea, yaliyorundikwa humo kazi ilipokosekana: bata wa plastiki, mamba, flamingo asiye na shingo, donati mbili. Katikati yao, kwenye kiti, alikuwa Harrison na mashine yake, bata mmoja amemlalia begani.

"Mathe," alisema Harrison, "karibu shambani."

Mwanafatuma aliingiza kichwa, akatazama dirisha, akatazama mwanga, akapima ukuta kwa mkono. Kisha akatoka, akasimama kivulini.

"Harrison atabaki," alisema. "Mashine yake inavuta vizuri kuliko yangu, na anajua kunyamaza akitazama mpira. Atanivutia mtande, mimi nitapitisha mshindio. Lakini bata watoke."

"Nitamwita kijana wa bwawa," alisema Bwana Sanga.

"Kijana wa bwawa siye aliyenitoa uwanjani mbele za wageni."

Basi kama ulikuwa Diani siku ile, ukapita karibu na viwanja vya tenisi, ulimwona meneja wa michezo akivuka nyasi mara nyingi, jasho likimtiririka, bata mkubwa wa manjano kichwani na mamba chini ya kila kwapa, na wachezaji wamesimama pembeni wakihesabu kwa sauti. Mwanafatuma alikuwa kizingitini, akimwelekeza.

"Na huyo flamingo, Bwana Sanga. Usimvute shingo, hana."